Mwisho Uliooneshwa Iringa

Mzee Halfani hakuomba kuingia kwenye lile kundi. Binti yake Nusrat ndiye aliyemwingiza, Jumapili moja asubuhi, mzee akinywa uji barazani kwake Makorongoni, Iringa. Alichukua simu ya baba yake, akabofya mara mbili tatu, akamrudishia.

"Baba, humo kuna watu wanabishana habari za filamu zenu zile za zamani," alisema. "Nimeona nikuweke. Si wewe uliyekuwa unazionesha?"

"Kuonesha si kuangalia," mzee alijibu. Hata hivyo miwani aliivaa.

Kundi liliitwa Sinema za Zamani Nyanda za Juu. Lilikuwa na watu mia moja na arobaini, wa Mbeya, Iringa, Njombe na Mufindi, na wachache waliohama miaka mingi iliyopita wakabaki na hamu. Kila Ijumaa mmoja wao alichagua filamu, ya Kihindi, ya kareti au ya kauboi, akaandika uchambuzi wake, na wenzake wakamvamia mpaka Jumapili jioni. Walibishana nani alipigana vizuri, nani aliimba kwa sauti ya kuazima, na kwa nini stelingi alipigwa risasi sita akaendelea kukimbia.

Halfani alikuwa na miaka sabini na miwili. Baba yake alikuja Iringa kutoka Kilwa, akawa mpishi wa mfanyabiashara mmoja, akaoa hapo hapo na kuzikwa hapo hapo. Halfani mwenyewe alipotimiza miaka kumi na tisa alipata kazi kwenye sinema ya mjini. Kwanza alikuwa mbeba makopo: filamu ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam ndani ya makopo ya bati, kopo moja kwa kila mkanda wa dakika ishirini, naye ndiye aliyeyapokea. Baadaye akafundishwa mashine, na akaiendesha miaka kumi na minne, mpaka video zilipoingia mjini na sinema ikafungwa. Jengo likawa ghala la mbolea. Yeye akahamia Miyomboni kutengeneza redio, na akaendelea hadi mikono ilipoanza kutetemeka.

Mwaka mzima alisoma kila kitu kundini na hakuandika neno. Akipendezwa sana aliweka dole gumba. Nusrat alipomuuliza, alisema hana la kuchangia. Filamu zote hizo aliziangalia kupitia tobo la ukutani lisilozidi ukubwa wa daftari, mashine ikinguruma sikioni, jicho lake likisubiri kile kiduara cheusi kinachojitokeza juu kulia ya picha kumwambia awashe mashine ya pili. Wenzake waliona mapenzi na kisasi. Yeye aliona mikanda.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, zamu ilikuwa ya Mwalimu Veneranda. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Igowole, na ndiye aliyeanzisha kundi. Aliandika kwa sentensi zilizonyooka na alama zote za uandishi, na mtu akiandika "xawa" badala ya "sawa" alimsahihisha mbele za watu. Wiki hiyo alichagua filamu ambayo watu wa Iringa waliiita Filamu ya Tarishi. Jina lake halisi lilikuwa refu, la Kihindi, na hakuna aliyelishika.

Alieleza hadithi yake hivi. Tarishi wa kijijini, mjane, ana binti mmoja mdogo. Binti anaugua. Dawa iko mji wa ng'ambo ya mto, mwendo wa siku mbili. Tarishi anakwenda, anaipata, anarudi, anakuta mvua imeshusha mafuriko na kivuko kimesombwa. Anajitosa majini na dawa ameifunga kichwani. Anafika ukingoni, anapanda, anaita jina la mtoto. "Na hapo," aliandika Veneranda, "mtoto anatoka mbio kati ya maua ya njano, bangili zinalia mikononi, baba anamnyanyua juu, wanacheza, na neno la mwisho linatokea. Sijawahi kuona mwisho mwingine uliostahili machozi ya kabla yake kama ule."

Haikupita nusu saa, Arvind akajibu kutoka Mbeya.

Arvind alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, la tangu enzi za babu yake, na ndiye aliyejua filamu kuliko wote kundini. Kihindi alikielewa, kwa hiyo alijua hata yale ambayo wengine waliyakisia kwa macho.

"Mwalimu, samahani, umechanganya," aliandika. "Ule wimbo wa maua ya njano ni ndoto. Uko katikati ya filamu, tarishi akiwa amelala chini ya mti. Mwisho wake ni kwamba anafika nyumbani anakuta watu wamevaa nyeupe. Mtoto amekufa. Anakaa chini mlangoni na ile chupa ya dawa."

"Mimi niliiona kwa macho yangu, Iringa, mwaka sabini na tisa," Veneranda alijibu.

"Mimi pia, Mbeya, mwaka huo huo."

Kundi likachangamka. Waliokuwa Mbeya wakati ule walisimama na Arvind. Watatu waliokuwa Iringa walisimama na mwalimu. Mmoja wa Mbeya akatania kwamba watu wa Iringa baridi iliwapeleka kulala kabla ya mwisho. Timotheo, mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi Mgololo, ambaye kila mjadala aliugeuza kuwa kicheko, aliandika: "Stelingi hafi, na mtoto wa stelingi hafi. Sheria hiyo. Mwalimu ameshinda."

Arvind akaonesha kwamba hata picha zenyewe zinajieleza: mtu anatoka mtoni amelowa chapachapa, halafu kwenye wimbo shati ni kavu na limepigwa pasi. Veneranda akamjibu kwamba kwenye filamu za Kihindi mvua hukauka haraka. Watu walicheka, na mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini Arvind alikuwa ameguswa pahali. Aliandika: "Mwalimu, tuheshimiane. Kumbukumbu nazo huzeeka. Usiwafundishe watu kitu ambacho hakikuwepo."

Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa Veneranda. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia.

"Kamwene nyote. Arvind, nisikilize. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu. Baba yangu alikuwa mchuma chai huku Mufindi. Alikuja Iringa mara moja tu kunitazama, nikampeleka sinema, filamu moja tu maisha yake yote, ndiyo hiyo. Mwisho ulipofika alicheka, akapiga makofi, akaniambia kwa Kihehe kwamba yule baba amewahi. Tulitembea mpaka nilipokuwa nalala, anacheka njia nzima. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule alifariki. Sasa wewe unataka kuniambia nini? Kwamba baba yangu alikuwa anacheka msibani?"

Dakika moja baadaye, chini ya ujumbe huo, simu zote zilionesha mstari mdogo wa kijivu: Mwalimu Veneranda ameondoka.

Mzee Halfani aliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Mara ya tatu uji ulikuwa umeganda kwenye kikombe. Timotheo, safari hii bila utani, alikuwa ameuliza: "Hivi nani aliyekuwa akiendesha mashine Iringa miaka ile? Kama yu hai atuamulie."

Mzee aliinuka, akaingia sebuleni, akarudishia mlango. Alikaa kitini akaishika simu kama alivyozoea kushika bisibisi, kwa ncha za vidole. Akabonyeza alama ya kurekodi.

"Assalaam aleikum. Naitwa Halfani. Mashine ya Iringa nilikuwa naendesha mimi. Arvind yuko sahihi, na mwalimu yuko sahihi. Filamu ni moja. Niliikata."

Kidole hakukiinua. Kisha akasimulia yote.

Mwaka ule wa sabini na tisa, mwezi wa nne, yeye na mkewe Mwanakhamisi walifiwa na mtoto wao wa kwanza. Aliitwa Zuwena, ana miaka minne. Ilikuwa surua. Siku ilipomzidia ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, na Halfani alikuwa juu kwenye chumba cha mashine, ukumbi umejaa. Jirani alikuja akagonga mlango: mtoto amepelekwa hospitali, njoo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kushika mashine, na mkanda uliokuwa ukizunguka ulikuwa na dakika kumi na tano mbele yake. Akiuacha, ungeweza kukwama na kushika moto, na ukumbini kulikuwa na watu mia tatu. Aliusubiri uishe. Dakika kumi na tano. Kisha akawasha taa, akatangaza filamu imeharibika, akakimbia. Alipofika hospitali, Zuwena alikuwa ameshafunikwa.

Mwanakhamisi baada ya hapo hakutoka nje. Alipika, alifua, aliswali, lakini mlango wa mbele hakuuvuka. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Mwezi wa nane ikaja Filamu ya Tarishi. Kila Jumapili alasiri sinema ilikuwa na onyesho la wanawake peke yao, na majirani wakashauriana wamtoe Mwanakhamisi kwa nguvu za hisani. Walikwisha kumshonea hata gauni. Halfani alifurahi. Alhamisi ile, kama kawaida, alipitisha mikanda yote peke yake kuangalia kama ina mipasuko, na alipofika mkanda wa mwisho akaona yule baba amechelewa na watu wamevaa nyeupe.

"Sikuweza," alisema kwenye simu. "Nilifikiria nimwambie asije. Lakini miezi minne alikuwa hajaliona jua la barabarani. Nikafanya nilichojua kufanya. Nilikuwa na mkasi, na kikwaruzo, na gundi ya filamu. Nikautoa ule wimbo wa ndoto katikati, nikaukata mwisho baba anapoita jina, nikaunganisha hapo. Kisha lile neno la mwisho. Tarishi analala chini ya mti, anaamka, anaendelea na safari. Hakuna aliyejua kuna kitu kilikuwepo."

Jumapili ile alitazama kwa tobo. Hakutazama pazia. Alitazama kiti cha nne, safu ya saba. Mkewe alishika mdomo tarishi alipojitosa mtoni. Bangili zilipolia, alitoa mkono mdomoni.

Mwenye sinema wakati ule alikuwa mama mmoja mjane, Bi Hemlata, aliyekuwa akikata tiketi mwenyewe. Filamu ile alikwisha kuiona Dar es Salaam. Onyesho lilipokwisha alipanda ngazi hadi chumba cha mashine, mtu ambaye magoti yalimsumbua na ambaye hapandi huko.

"Halfani, umefanya nini kwenye mali ya watu?"

Halfani alimweleza. Bi Hemlata alisimama hapo mlangoni akihema. Chini, wanawake walikuwa bado hawajaondoka, wanaimba ule wimbo bila kujua maneno.

"Kesho nayo weka hivyo hivyo," alisema. "Ikitoka hapa kwenda Mbeya, irudishe ilivyokuwa."

Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki mbili. Iringa nzima ilimwona mtoto amepona. Siku ya kuondoka Halfani alirudisha kila kipande mahali pake, akayafunga makopo, akayapakia basi la Mbeya.

"Kwa hiyo Mwalimu, kama kuna mtu atakufikishia haya, baba yako hakucheka msibani. Alichekea kitu alichokiona, na kitu hicho kilikuwepo. Na Arvind, kilio chako cha Mbeya nacho kilikuwa halali. Mwenye kosa ni mimi. Nisameheni."

Hakuwa ameachia kidole bado alipohisi kuna mtu. Mwanakhamisi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, ungo wa maharage mikononi. Alikuwa anachambua hapo nje, hatua tatu kutoka dirishani.

Mzee alipoinua kidole, ujumbe ulikuwa umeshakwenda.

"Tangu wapi umesikia?" aliuliza.

"Tangu assalaam aleikum."

Aliuweka ungo mezani, akakaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache ya kuanzia na mengi ya kumalizia.

"Miaka arobaini na tano, Baba Farhan," alisema. Farhan alikuwa mtoto wao wa pili, mfanyabiashara Makongolosi, na tangu alipozaliwa ndivyo walivyoitana. "Filamu ile nimewasimulia watoto. Nimewasimulia wajukuu. Nimemsimulia mke wa Farhan alipolazwa hospitali na mwanawe. Nikimwambia, vumilia, yule baba alifika. Kumbe hakufika."

"Hakufika."

"Na wewe ukinisikiliza ninavyosimulia, umekaa kimya hapo hapo."

"Ningesema nini?"

Mwanakhamisi alichukua ungo wake akarudi uani, na siku ile chakula cha mchana kililiwa bila mazungumzo.

Kundini, kwa upande mwingine, ilikuwa kelele. Watu waliosikia walituma vikaragosi vya machozi, wengine wakauliza mashine ilikuwa ya aina gani, wengine wakataka kujua ni filamu zipi nyingine zilizokatwa Iringa. Timotheo aliuchukua ujumbe akamtumia Veneranda moja kwa moja. Arvind peke yake hakusema kitu. Tiki za bluu zilionesha kuwa amesikiliza.

Veneranda alipiga simu kesho yake.

"Shikamoo, Mzee Halfani."

"Marahaba, Mwalimu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimekusikia. Kwa hiyo mtoto alikufa."

"Kwenye filamu, ndiyo."

"Na wa kwako pia."

"Na wangu pia."

"Pole, mzee wangu. Pole sana." Kisha akauliza, kwa sauti ya mwanafunzi zaidi kuliko ya mwalimu, "Siku za katikati ya wiki ile, ulikuwa bado unachungulia kwa tobo?"

"Kila siku. Nilikuwa naangalia watu wakifika pale mwisho."

"Walikuwa wanacheka?"

"Wote, Mwalimu. Kulikuwa na mzee mmoja alisimama kabisa juu ya kiti. Sijui kama ni baba yako. Sitaki kukudanganya."

"Hakusimama juu ya kiti," Veneranda alisema. "Alikuwa mtu wa haya. Alipiga makofi tu." Akacheka kidogo, na Halfani akasikia kwamba analia pia. "Arvind ameniandikia. Ameomba radhi. Anasema anayo ile filamu yote, mpwa wake Vishal ameipata mtandaoni, nikitaka atanitumia. Nimemwambia asinitumie. Mimi niachieni yangu."

"Nimekuelewa."

Arvind alimtumia Halfani pia. Pamoja na filamu aliweka ujumbe wa sauti, na ndipo mzee alipojua kilichomgusa siku ile. Mwaka huo wa sabini na tisa Arvind alikuwa na miaka kumi na moja. Mama yake alimpeleka sinema Mbeya, na chupa ya dawa ilipobaki mlangoni mama alimvuta akamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Mama hakuwa mtu wa kukumbatia, Mzee," Arvind alisema. "Siku ile tu. Mwalimu alipoandika mwisho mwingine, niliona kama ananinyang'anya mama. Kumbe naye alidhani mimi namnyang'anya baba."

Halfani hakuifungua filamu. Aliiacha kwenye simu siku nne. Siku ya tano, Jumamosi, Nusrat alipokuja kuwasalimia, Mwanakhamisi alimwambia kutoka jikoni, "Njoo utuwekee hiyo filamu ya baba yako kwenye tivii. Nataka kuiona yote."

"Mama, una uhakika?"

"Nimekwambia niwekee. Au bando lako litakwisha?"

Wakakaa watatu, saa nane mchana, mapazia yamefunguliwa na kuku wakiingia na kutoka. Picha ilikuwa imefifia, rangi ya njano imekuwa kama chai ya maziwa. Halfani aligundua kwamba hajawahi kuiangalia filamu ile akiwa amekaa. Wakati wimbo wa ndoto ulipoanza, katikati, mahali pake pa haki, Mwanakhamisi aliusindikiza kwa mguno tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha tarishi akaamka chini ya mti na mama hakuguna tena.

Mto. Kamba ya kivuko imekatika. Chupa kichwani. Baba akapanda ukingo, akaita.

Halfani alijikuta anatazama juu kulia ya picha, akisubiri kiduara. Kilipita. Akamgeukia mkewe badala yake. Kwenye tivii watu walikuwa wamevaa nyeupe, na mtu mzima alikuwa amekaa chini mlangoni, chupa iko mapajani. Mwanakhamisi alitazama mpaka maandishi ya mwisho. Nusrat alikuwa anajifuta macho kwa ushungi.

"Alichelewa," Mwanakhamisi alisema.

"Alichelewa," mzee alisema.

"Si kosa lake. Ni mto."

Mkewe hakumwangalia. Alikuwa bado anatazama kioo cha tivii, ambacho sasa kilikuwa cheusi.

"Siku ile hospitali nilikuwa nimekaa dirishani," alisema. "Nilikuona unakuja. Ulikuwa unakimbia kutoka kule chini, viatu umeshika mkononi, watu wanakupisha. Nilikuona nusu nzima ya ule mlima wa kupandia hospitali. Nikajua hukukaa makusudi. Sikuwahi kukwambia. Nilidhani unajua."

"Sikujua."

"Basi ndiyo hivyo."

Nusrat aliinuka kimya akaenda kuchemsha chai, ingawa chai ilikuwepo. Alipokuwa jikoni aliwasikia wazazi wake wakizungumza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasikia jina la dada yake likitajwa nyumbani humo zaidi ya mara moja. Mama alikuwa anasema Zuwena hakupenda maharage. Baba alikuwa anasema alikuwa anayaficha chini ya mkeka. Mama alikuwa anabisha kwamba si chini ya mkeka, ni ndani ya kandambili za baba.

Veneranda alirudi kundini baada ya wiki tatu. Arvind alimkaribisha mbele ya wote na kurudia radhi yake, safari hii kwa maandishi, naye Veneranda akaipokea na kumsahihisha makosa mawili ya herufi. Walikubaliana kwamba filamu ile, kwa mujibu wa kundi, ina miisho miwili, na kila mtu aseme mji aliokuwepo kabla ya kuanza kubishana. Mzee Halfani naye hakubaki kimya tena. Watu walimuuliza habari za mashine, za gundi, za makopo yaliyochelewa basi likikwama kwenye mlima Kitonga, na alijibu kwa sauti, taratibu, kila mmoja kwa jina lake.

Mwezi wa tisa alimwomba Veneranda amwingize mkewe.

Siku ya kwanza Mwanakhamisi alisalimia tu. Siku ya pili Nusrat alimfundisha kubonyeza alama ya kurekodi, na akatuma uchambuzi wake wa Filamu ya Tarishi, dakika saba na nusu, kuku wakisikika nyuma.

"Filamu ni nzuri," alisema, "lakini aliyeitunga ana matatizo. Kuna ule wimbo wa mavuno. Nimehesabu wanaume pale, wanafika arobaini, wana mabega hayo, wanaruka, wanapiga ngoma. Mtoto anaugua siku nne. Niambieni, kati ya wanaume arobaini hakuna hata mmoja wa kwenda na yule baba? Hakuna wa kumshikia kamba ya kivuko? Kijiji cha watu wa aina gani hicho?"

Arvind alijibu kwamba wachezaji wa wimbo huwa si wanakijiji hasa, ni wa kukodi. Veneranda akajibu kwamba hoja ya Bi Mwanakhamisi ni nzito na haijawahi kutolewa na mchambuzi yeyote. Timotheo akaandika kwamba Mgololo wangempeleka na trekta. Mzee Halfani, aliyekuwa amekaa kwenye kochi lile lile, hatua moja kutoka kwa mkewe, alibonyeza simu yake akamjibu kupitia kundi kwamba wale wanaume walikuwepo kwenye mkanda wa tatu tu, na mto ulikuwa mkanda wa nane.

"Kwa hiyo?" Mwanakhamisi alimuuliza, sasa kwa mdomo. "Walihama?"